Mkono wa Jeanne

Goulven Kerzaho, mstaafu wa posta mjini Quimper, Ufaransa, alikusanya kwa miaka ishirini na miwili sahani za kale zilizochorwa na mchoraji mmoja tu, Jeanne Lharidon. Aliijua saini yake, J yenye mkia, na wale wanawake wake wenye kofia za lesi, wanaotazama kando kana kwamba wameitwa. Ukuta ulipojaa, mkewe Maryvonne alihamishia picha ya harusi yao chooni.

Mwaka 1996 akasikia kwamba Odette, binti ya Jeanne, yu hai bado. Alhamisi iliyofuata akabisha hodi kwake na sahani mbili kwapani.

Ajuza akasogeza kando keki ya siagi, akavaa miwani.

"Hii nimechora mimi."

Goulven akacheka. "Tazama vizuri, mama. Saini si ya mama yako?"

"Saini yake, kazi yangu. Macho yalimwishia, mwanangu. Kiwandani tuliketi benchi moja. Mimi nachora, yeye anatia jina. Bosi hakujua mpaka mama akazikwa."

Goulven akavuta kiti, akaketi. "Tangu lini?"

"Nilikuwa na miaka kumi na sita. Au kumi na minne?"

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ya mama." Akaipeleka dirishani. "La, yangu. Ngoja kwanza… Alikuwa akinishika mkono kunifundisha. Sasa hapo utasema mkono wa nani?"

"Mama, unanichanganya."

"Wewe ndiye umenichanganya! Kabla hujaja nilikuwa najua."

Jumamosi akarudi na sahani zote arobaini na moja, zimefungwa mablanketi. Wakazitandaza sakafuni. Fungu la Jeanne likawa na sita, likafika tisa, likabaki na mbili. Kisha Odette akaokota sahani ya jogoo.

"Hii naikumbuka. Mama aliuliza, 'Umemtia jicho?' Nikasema nimemtia. Nilimdanganya, nione kama atajua."

Goulven akainama. Kweli, jogoo hakuwa na jicho. Sahani ile alikaa nayo miaka kumi na mitano.

"Alijua?"

"Alitia saini tu," alisema Odette, machozi yakimlengalenga. "Mpaka leo sijui."

Goulven akamwachia Odette sahani hiyo.

Nyumbani, Maryvonne alimpokea mlangoni. "Haya, ni za nani?"

"Sijui."

"Umekwenda mara mbili kuuliza!"

"Ndiyo," akasema Goulven, akishusha blanketi la kwanza. "Mara ya kwanza nilikuwa najua kidogo."