Aliyeingia kwa Jina la Mkuu

...tena ule mlio, tik, tik, kama ukucha unakwaruza bati, diski ya kompyuta inajaribu kusoma inashindwa, na Anyesi bado yuko kwenye kiti cha wateja, mtoto kwenye ziwa, kanga imemfunika mpaka kisigino, nyonya mwanangu, usiachie sasa, maana akiachia itabidi anyanyuke, na akinyanyuka uso wake utaonekana, na Jaimin, mtoto wa mwenye duka la uchapaji, aliyezisomea hizi mashine Dar, anaongea bila kugeuka, anamweleza Melkior, mchapaji mwenzake Anyesi, aliyesimama mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu, virusi vimekula mitihani ya majaribio ya shule tatu, Jumatatu walimu wanakuja kuichukua, na Melkior ndiye anayebaki kucheza gemu baada ya kazi, sasa wamshuku nani mwingine... anasema nini, mashine za zamani, anasema zilijengwa vibaya tangu mwanzo, yeyote akikaa kwenye kiti basi ndiye mwenye nyumba, na ugonjwa aliokuja nao unakuwa mwenye nyumba pia, unaingia mpaka uvunguni, lakini hii mpya ameigawa yeye mwenyewe, Melkior ana jina lake, Anyesi ana lake, kila mtu anagusa kazi zake tu, disketi ya mtu ikija na virusi vitamchafulia yeye halafu viishie hapohapo, kule ndani linaingia jina moja tu, la mkuu, lenye ruhusa zote, na hapa vimefika ndani, vimekula kazi za kila mtu, "kwa hiyo kuna aliyeingia kwa jina la mkuu akavifungulia, Melkior, njia nyingine hakuna," na Anyesi anahisi maziwa yanakata, kweli yanakata, mtoto anavuta kwa hasira... Alhamisi, Mungu wangu, Alhamisi shemeji Wenseslaus aliteremka kutoka Machame na chupa ya mtori, mama mkwe kautuma, mzazi asikae na njaa mjini, na chini ya chupa, kwenye mfuko uleule, disketi, kadi za mchango wa harusi yake, shem nichapie haraka gari linaniacha, na kadi zilikuwa na maua ambayo hayakufunguka mpaka programu yake iingizwe kwanza, na kompyuta ikakataa, ikaandika kwamba huna ruhusa, akamsomea, akamwambia imekataa shemeji, na yeye akacheka, imekataa au umekataa wewe, mtori wa mama umekula lakini kazi ya mwanawe ni nzito, na mtu unajibuje hapo, kaka wa mume wako, mtori bado wa moto mdomoni, maneno yangefika Machame kabla ya giza, na paswedi ya mkuu alikuwa nayo, Jaimin alimpa mwenyewe siku anakwenda Holili kufuata mzigo, maana printa ikigoma ni mkuu tu anayeirudisha, akamwambia nakupa wewe kwa sababu wewe huna mchezo, basi Alhamisi ile Anyesi akaingia kwa jina hilo, akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, maua yakatoka... "Mimi paswedi siijui, kaka Jaimin," anasema Melkior, taratibu, na Jaimin anapumua kwa nguvu, "Nani sasa, Anyesi na kichanga chake?" halafu anacheka, anacheka kabisa, hata kumtazama hakumtazama, na kicheko hicho kinamwingia Anyesi kuliko matusi, afadhali angemshuku, afadhali angegeuka mara moja tu, na Melkior anatabasamu kidogo, anatazama kisigino cha mtoto, si yeye, kisigino, mbona kisigino... subiri, zile kadi, nani alizitoa kwenye printa, Anyesi alikuwa anambadilisha mtoto nepi, ni Melkior, aliingia na bunda la karatasi kutoka sokoni, akazichukua, akazigonga mezani kingo zikae sawa, akasema shemeji yako ana maua mazuri, basi anajua, tangu asubuhi anajua, amesimama pale anaitwa mwizi wa paswedi na sentensi moja tu ingemtoa, na haisemi, na mama yake Melkior yuko Masama na mguu wake mbovu, hana mwingine wa kumtegemea ila yeye, na yeye Anyesi angenyamaza hivyo kwa ajili yake, hapana, asijidanganye, asingenyamaza, na duka gani Moshi hii litamchukua mtu na mtoto mgongoni, hakuna, anajua hakuna, ameshazunguka, lakini Melkior ndiye humbeba mtoto huyuhuyu, Anyesi akiwa anachapa... "Jumatatu usije mpaka nikuite," anasema Jaimin, bado ameielekea ile mashine, na Melkior anasema sawa, sawa tu, na mtoto ananyonya, maziwa yamerudi sijui saa ngapi, na hofu ipo palepale ila imegeuka upande, sasa anaogopa Melkior asije akatoka kabla mtoto hajashiba, basi, akishiba tu, kabla hata ya kumcheulisha, atamwambia Jaimin, mbele ya Melkior, ni mimi, mume hatamwambia, huyo atapeleka kwa kaka yake iwe vita ya ukoo, mama mkwe hapana, Wenseslaus naye hapana, aoe salama na maua yake, ni Jaimin tu, na akishamwambia Jaimin hatamwambia mtu mwingine.