Kipande cha Kujaribia

Wewe ukienda dukani kuchagua mashine ya kuvuta vumbi, huwa unabeba nini mkobani? Mimi nilibeba kipande cha sufu, kikubwa kama sahani, nimekifunga ndani ya leso.

Binti yetu Gatakaa alikifuma siku zile alipokuwa anajifunza. Kapeti lenyewe, la sebuleni kwetu, alilifuma baadaye, kwa sufu ya kondoo wetu, rangi ya udongo na rangi ya majani ya chai. Juu hakukata nyuzi. Aliziacha ziwe vitanzi vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, kama punje kwenye gunzi la mahindi. Tulimzika mwaka jana, mwezi wa nne. Tangu siku hiyo mzee wangu, Kobia, hakuniita tena Mama Gatakaa. Akawa ananiita "wewe".

Kisha akaanza kukohoa. Daktari akasema ni vumbi la kapeti. Lisafishwe vizuri ama litolewe nyumbani. Ufagio haufiki chini. Kulipiga na fimbo uani niliogopa. Basi nikatoa kile kipande chini ya Biblia ya Kobia, bila kuuliza, nikaenda Meru mjini.

Mwenye duka, Celina, aliyeniita shosho kama bibi yake, akaniletea mashine nyekundu.

"Shosho, chukua hii. Brashi yake inazunguka, inachana kapeti kama nywele."

"Langu halina nywele, lina vitanzi. Jaribu hapa kwanza."

"Ai, shosho! Hata kuku unamwonja kabla hajachinjwa?"

"Na sufuria naigonga kabla sijanunua. Washa."

Akawasha. Brashi ikanasa kitanzi kimoja, ikavuta, na mstari mzima ukafumuka kabla hajaizima. Celina akaacha kucheka.

"Pole, shosho."

Akaleta nyingine, yenye mdomo laini usio na brashi, na kitufe cha kupunguza nguvu. Tukaijaribu upande uliobaki mzima. Haikuinua hata uzi mmoja. Nikabeba hiyo.

Nyumbani nilisafisha polepole, nikifuata mistari ile ile ambayo vidole vya Gatakaa vilifuata. Mfuko ukajaa vumbi jeusi, na vitanzi vyote vikabaki vimelala. Nikamwita Kobia aone.

Hakutazama kapeti. Alitazama mezani, pale nilipoiacha leso wazi. Akachukua kipande, akajaribu kuurudisha uzi kwa kidole gumba. Ukakataa.

"Nilitaka kitu cha kujaribia," nikasema. "Kapeti lisije likaharibika."

"Ulifanya vizuri."

Akaketi, akauzungusha ule uzi kidoleni mpaka ukaisha.

"Mama Gatakaa," akasema. "Siku ile tukimzika, hiki kilikuwa ndani ya koti langu. Nilitaka kumwekea mkononi. Nikaona haya mbele ya watu."