Wake wa Pono wa Buluu

Mzungu yule wa samaki alikuja soko la Kariakoo na rula, daftari na kitambaa cha kuzibia pua. Anataka kujua habari za samaki, harufu yake haitaki! Nyuma yake alikuwa Suud, karani wake, kijana wa dukani aliyezoea kula samaki aliyekwisha kutolewa miiba. Wiki nzima walisimama mbele ya meza yangu wakipima pono urefu kama mafundi cherehani.

Mimi napara samaki. Wavuvi hawanipi pesa. Kilichomo tumboni ndicho ujira wangu. Matumbo nawatupia paka, mayai nayakaanga na kuwauzia watu wa reli kule Gerezani. Tumbo la pono nalijua kuliko chumba changu. Limejaa mchanga mweupe, kwa sababu pono hutafuna matumbawe. Mzungu aliandika kwamba anakula majani. Nikamwacha aandike.

Siku ya saba akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Mama, pono mume wapi? Mke wapi?"

"Huyu wa buluu ndiye mume," nikasema. "Hawa wa kahawia wake zake. Mume mmoja, wake watano, sita."

Suud akacheka. Mzungu akaandika mpaka wino ukamchafua vidole. Yaliyobaki sikumwambia: kwamba mume huyo naye alikuwa mke, akataga miaka, na mume wa zamani alipovuliwa, yeye aliyewazidi wenzake ukubwa akabadilika rangi akashika nafasi. Nimeshawapasua walio katikati ya kugeuka, mayai yamesinyaa na manii yameanza. Nimwambie ya nini mtu anayeshika samaki kwa ncha za vidole? Nilijiona mjanja, nikacheka peke yangu hadi nyumbani.

Mwezi uliofuata kengele ikapigwa sokoni, Suud akasoma amri. Pono wa kahawia marufuku kuvuliwa wala kuuzwa, maana ndio wazazi. Wa buluu ruhusa, wote.

Nikamkimbilia, kisu mkononi. "Bwana karani, mwambie bwana wako nilimficha! Hao wa buluu wanatokana na hawa hawa wa kahawia. Mkiwamaliza, wa kahawia watageuka, nao mtawamaliza. Atataga nani? Njoo nikupasulie uone!"

"Nikamwambie mama kageuka baba? Atanifukuza kazi," akasema Suud. "Na wewe ulishasema, Bi Tatu. Hebu sikiliza mwisho wake."

Akausoma kwa sauti, wavuvi wote wanasikia: amri hii imetolewa, kwa shukrani nyingi, kufuatana na maelezo ya Tatu binti Mbaruku, mpara samaki wa Kariakoo.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mvuvi mmoja aitwaye Fikirini, niliyempasulia samaki miaka kumi na moja, alikuwa amekwisha kutua kapu lake mezani kwangu. Akalitazama, akanitazama. Kisha akalinyanyua, akalipeleka kwa Mauza, ambaye hupara samaki akaacha nusu ya magamba.