Makayabo ya Bahari ya Barafu

Habarurema aliondoka Goma angali kijana, akateremka mpaka Matadi kutafuta kazi ya meli. Aliporudi mwaka wa 1956 alikuwa na mvi, na mama yake, Nyirarukundo, alikuwa amekwisha kuzikwa miaka mitatu. Barua ya msiba ilimfuata bandari kwa bandari isimpate. Akaingia katika nyumba ya mama, kule Keshero, pembeni ya Goma, akaishi humo peke yake.

Mwanzoni majirani walikuja kumsikiliza. Aliwaambia kwamba misimu minne alikuwa mpishi katika meli ya wavuvi huko Grinilandi, kaskazini kabisa, ambako bahari hugeuka jiwe watu wakatembea juu yake. Wakacheka, wakamwita Papa Barafu, yaani Baba Barafu. Basi akanyamaza. Alipata kazi ya kupanga mizigo dukani, na siku nzima ingepita hajasema neno ila salamu ya Kifaransa, "bonjour".

Jumamosi moja alisimama sokoni mbele ya Kahindo, mjane wa Butembo aliyeuza makayabo, samaki wa chumvi. Akamshika mmoja, akamgeuza polepole.

"Papa, unanunua ao unamusalimia tu?"

"Ninajua kwao," akasema. "Zamani huyu hakuwa anafika kule juu. Maji ilipata moto kidogo, mukono hauwezi hata kusikia. Barafu ikachelewa, ikakuwa nyembamba. Samaki huyu akafuata ile moto, nyavu zikajaa. Lakini sili, ule munyama wa bahari anayezalia juu ya barafu, akaenda mbali."

Kahindo hakucheka. "Na watu wa kule walikuwa wanakula huyo sili?"

"Walikula nyama, walivaa ngozi, mafuta yake ikawasha taa. Sasa vijana wanapasua samaki kwa mushahara. Kulikuwa muzee mumoja, alikaa kila asubuhi pembeni ya mutumbwi wake wa ngozi. Mukuki tayari, sili hakuna. Makayabo alikataa, alisema ni chakula cha wageni. Nilimupelekea supu. Hatukusikilizana luga, tulikaa tu. Siku ya kuondoka akanishika koti. Nilizani anataka supu ingine. Kumbe alitaka nibakie."

"Ukafanya nini?"

"Meli ilipiga honi. Nikaenda."

Kahindo alimtazama sana usoni. "Wewe njo mutoto wa Nyirarukundo wa Keshero?"

"Njo mimi."

"Alikuwa ananunua kwangu. Siku moja aliniuliza kama samaki hawa wanatoka kwenye bahari ya mutoto wake. Nikamujibu, mama, sijui. Akanunua hivyo hivyo."

Habarurema alirudisha samaki mahali pake. Jua lilipoinama, lori la Butembo likawaita abiria. Alimbebea Kahindo magunia mpaka kwenye lori, akampandishia moja moja. Lori likaondoka na vumbi jeusi la volkano. Naye akashika njia ya Keshero kwa miguu, akitembea taratibu, kwa kuwa hakuna aliyemngoja.