Kidonge cha Mzee Mkwara

Nesi wa majumbani hakuwa mtu wa kuamini maneno. Ukimwambia umemeza dawa, anakuambia toa ulimi. Basi presha ya Mzee Mkwara ilipogoma kushuka, ziara baada ya ziara, hakusumbuka kuuliza. Alienda moja kwa moja jikoni.

"Mama, chumvi umeificha wapi?" alimuuliza mke wa mzee, mfuniko wa sufuria tayari mkononi.

"Chumvi ipi tena, mwanangu? Si uliondoka nayo mwenyewe!"

Nesi akaonja mchuzi. Maskini, ulikuwa maji ya moto yenye rangi. Hata paka wa nyumba ile alishahamia kwa jirani.

Akarudi sebuleni amenywea. Mzee alikuwa kwenye kochi, amekwisha kunja mkono wa shati, akitangaza kwamba presha ni ugonjwa wa watu wasio na kazi. Mikwara ya namna hiyo ndiyo iliyompa jina mtaani. Nesi akamfunga kipimo, akapampu, akasikiliza, na mapigo yakamwenda mbio yeye. Kwa presha ile mtu huamka mdomo umekwenda upande, au asiamke kabisa. Alimpenda mzee huyu, na mikwara yake yote, na aliogopa kuja siku moja akute watu wamejaa uani wakinong'ona.

"Baba, dawa unakunywa kweli?"

"Kila siku! Muulize mke wangu."

"Anakunywa," mama alidakia. "Tena mbele ya macho yangu."

"Basi leo kunywa mbele ya yangu."

Mzee akatoa kidonge, akakiuma katikati kwa meno ya mbele. Nusu akameza. Nusu akampa mkewe, naye akaitupia kinywani bila hata kushukuru, kama mtu aliyepewa haki yake.

Nesi aliketi bila kukaribishwa.

"Mnafanya nini?"

"Tunakunywa dawa," mzee alishangaa. "Mwanangu, tangu nimuoe huyu, sijala kitu yeye akabaki kunitazama. Hata chungwa moja tunagawana. Leo uzeeni ndiyo nianze uchoyo?"

Nesi akaunyakua mkono wa mama, akaupima. Presha ilikuwa chini mno.

"Mama, siku ile ulipoanguka bombani, kumbe kilikuwa kizunguzungu…"

"Ulikuwa utelezi tu."

"Utelezi gani! Dawa hii inashusha presha. Yeye haimtoshi, wewe huihitaji. Mtaniulia nani kwanza?"

Mzee Mkwara akautazama mkono wa mkewe, wenye kovu bichi kiwikoni.

"Kumbe ni mimi niliyekuangusha," alisema, na sauti yake haikuwa na mkwara hata chembe. "Na nikaenda kuligombeza bomba."

Kesho yake nesi alirudi kusimamia. Mzee alishika kidonge kizima, akamtazama mkewe, akageukia ukutani kwa aibu. Meno yalitaka kuuma kwa mazoea, nesi akakohoa. Mzee akafumba macho, akameza chote, akashushia maji.

"Kichungu?" mkewe aliuliza, utadhani hajawahi kukionja.

"Mno. Hujakosa kitu."

"Pole, mume wangu."

Akaichukua bilauri mkononi mwa mumewe, akanywa maji yaliyobaki.