Maoni ya Wodi ya Wazazi

Wodi yangu ina vitanda kumi na vinane. Siku kamati ya Shirikisho ilipofika mjini kwetu kukusanya maoni, nilikuwa na wazazi thelathini na mmoja, na kumi na wanne kati yao walikuwa wamevuka daraja kutoka ng'ambo. Walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na mmoja alikuwa amejifungulia kwenye benchi la mapokezi asubuhi ile ile.

Swali la kamati lilikuwa moja: je, nchi ya ng'ambo iingizwe kwenye Shirikisho au isiingizwe? Ikiingia, watu wake watapita darajani bila kibali, watatibiwa, watasoma na kufanya kazi kwetu kama sisi wenyewe.

"Sista, nenda wewe," mganga mkuu aliniambia. "Mimi nitazunguka mbuyu. Wewe huna breki."

Nikaenda na sare yangu ya kazi. Ukumbi wa halmashauri ulikuwa umefurika. Mwenye gereji ndiye alikuwa amesimama.

"Waingie!" alisema. "Nusu ya wateja wangu wanatoka huko, na hawana maneno mengi kama nyie."

"Wewe ungekaribisha hata majini, mradi yawe na gari bovu," mama mmoja wa sokoni akamrushia. Watu wakacheka, mwenyekiti wa kamati naye akacheka.

Mwisho wa meza alikaa mkwe wangu, mke wa mwanangu, mimba ya miezi saba ikimgusa ukingo wa meza. Ana kibanda cha fotokopi nje ya halmashauri, na kamati ilikuwa imempa kibarua cha kuchapa maoni kwenye kompyuta. Yeye ni wa ng'ambo. Hakuna aliyemuuliza.

Zamu yangu ilipofika sikupoteza muda.

"Mimi sina siasa. Nina vitanda kumi na vinane. Mkiwaingiza hawa kabla ya kunijengea wodi ya pili, mtatuua sisi na mtawaua na wao. Jengeni kwanza, halafu waingie."

"Kwa hiyo ni ndiyo au hapana, Sista?" mwenyekiti akauliza. "Fomu ina nafasi mbili tu."

"Kwa leo, hapana."

Makofi yakapigwa mengi kuliko nilivyotarajia. Nyuma yangu mwanamume mmoja akapaza sauti, "Wakazalie kwao!" Nilimsikia vizuri. Ningeweza kugeuka nikamnyamazisha, maana wodini nanyamazisha wenye sauti kubwa kuliko yake. Sikugeuka. Nilikuwa nawahi zamu.

Jioni tulikula pamoja kama kawaida. Mwanangu, ambaye ni fundi umeme, hakunitazama mpaka sahani zilipotolewa.

"Nimekuchapa, mama," mkwe wangu akasema akiniwekea chai. "Ukurasa wa nne. Maneno yako mafupi, hayachoshi vidole."

"Mama, hukumwona mke wangu amekaa pale?" mwanangu akauliza.

"Nilimwona. Ulitaka niseme mengine kwa kuwa mkwe wangu yupo?"

"Ungenyamaza hata mara moja maishani."

"Nikinyamaza vitanda vinaongezeka?"

"Mwache mama," mkwe wangu akasema. "Amesema ya kazini kwake." Akakoroga chai yake muda mrefu. "Yule aliyesema tukazalie kwetu, naye nimemchapa."

Hapo kuna jambo nilitaje mwenyewe kabla sijatajiwa. Harusi yao tuliifanya, ndugu wa pande zote mbili walikuja, lakini ndoa hatukuiandikisha serikalini. Kumwandikisha mtu wa nje kunataka barua za serikali mbili na foleni isiyo na mwisho. Mwanangu alitaka aende. Mimi ndiye niliyemzuia. Kila mtu alikuwa anasema ng'ambo wanaingia mwaka huu, nami nikamwambia, "Ya nini kujitesa? Wakishaingia, karatasi hizo zitakuwa za kufungia karanga." Nilijiona nina akili.

Wiki tano baadaye tulikuwa chumba cha wauguzi tunakunywa chai redio ikasoma uamuzi. Ombi la ng'ambo limekataliwa. Sababu zilikuwa nne, na ya tatu ilikuwa yangu: kwa ushahidi wa muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi, huduma za mpakani zimeelemewa na raia wa nje. Basi. Habari ya kujenga kwanza haikusomwa.

"Sista umekuwa mkubwa! Umetoka redioni!" wenzangu wakanitania.

Utani uliisha waraka ulipofika. Vibali vyote vya ujirani, vile ambavyo watu wa ng'ambo huvukia daraja na kukaa kwetu, vinakoma baada ya siku thelathini, na kuanzia siku ya waraka hospitali itampokea asiye raia wa Shirikisho kwa dharura tu. Uchungu unaokwenda vizuri, waraka ulisema, si dharura. Nililetewa nakala ya kubandika mlangoni pa wodi. Niliibandika kwa pini nne, ikanyooka.

Kesho yake nikavua sare, nikaenda kwa msajili wa ndoa.

"Barua kutoka serikali ya kwao," karani alisema bila kuinua macho, "na tangazo la siku tisini."

"Mtoto hatasubiri siku tisini."

"Hilo mwambie mtoto, mama."

Nilirudi nyumbani nimeshaamua. Mkwe wangu alikuwa anakunja vinguo vya mtoto kitandani.

"Sikiliza," nikamwambia. "Utajifungulia kwangu. Nitakuandika kwa jina la binti wa dada yangu. Kitanda cha dirishani, nami nitakuwa zamu."

"Lile tangazo umembandikia nani, mama?"

"Wewe ni mkwe wangu."

"Na wale kumi na wanne, ni wakwe za nani?" Hakupandisha sauti. "Jana umemrudisha mwanamke wa mtaa wa mama yangu. Alipita kibandani kwangu ameshika kiuno, anauliza gari la darajani. Nikilala pale kwa jina la mwingine, huyo nitamtazama vipi?"

Nikamwambia asiwe mjinga, mtu mwenye tumbo hilo hachagui. Nilimwambia kwa sauti ninayowatolea wanaokataa kusukuma. Aliendelea kukunja.

Siku ya ishirini na nane ya zile thelathini, mwanangu alimvusha na begi moja. Aliporudi hakuingia sebuleni. Alipitia mlango wa nyuma akalala.

Wodi yangu ikapata ilichokuwa inataka. Mwezi uliofuata nilikuwa na wazazi kumi na mmoja kwenye vitanda kumi na vinane, shuka safi, kimya kama maktaba. Makao makuu wakaangalia takwimu zangu, wakahamisha wauguzi wangu wawili, na mpango wa wodi ya pili, ambao nimeuandikia barua miaka mitatu, wakaufunga kwa sababu hauhitajiki tena. Sikuwa na wa kumlalamikia. Takwimu nilizijaza mimi.

Mtoto alizaliwa huko. "Wa kiume, kilo tatu na ushee," mwanangu aliniambia, kisha akakata simu kabla sijauliza lingine.

Kibali changu kilichukua siku tisa. Upande wa pili wa daraja kulikuwa na ofisa, binti mwenye kola iliyopigwa pasi vizuri. Kwenye fomu, palipoandikwa uhusiano na mwenyeji, nilikuwa nimejaza "bibi".

"Una cheti gani kinachoonyesha hivyo?"

Sikuwa nacho. Ndoa haijulikani serikalini, kwa hiyo cheti cha mtoto hakina jina la baba, na bila baba mimi nimetoka wapi?

"Basi nakuandika mgeni wa matembezi," akasema. "Saa mbili, hapa hapa kwenye banda la wageni. Na hizi dawa haziingii." Akatoa spiriti na bandeji zangu kwenye mkoba. Sikubishana. Mimi pia ningezitoa.

Mkwe wangu akaja na mtoto. "Shikamoo, mama," akasema, kwa adabu ile ile ya siku zote, akanipa. Mikono yangu ikafanya kazi yake bila kuniuliza: utosi, macho, kitovu. Kitovu kilikuwa chekundu pembeni, na kina harufu kidogo.

"Huyu anatakiwa dawa leo leo. Nani amemkata?"

"Tumeshampeleka jana, mama. Muuguzi amempa dawa, na kesho anataka kumwona tena."

"Muuguzi gani? Amesoma?"

Akatabasamu kidogo. "Anafanana na wewe. Mkali. Wodini kwake wanalala watatu watatu sasa, ila alinipokea."

Nikatafuta la kusema, nikakuta nina lile moja tu. "Nilisema wajenge kwanza. Walilikata hilo."

"Najua. Nilichapa yote. Mwenyekiti akaniambia nifute mistari miwili, haiingii kwenye fomu. Nikafuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekwenda kumgombeza."

"Ningekwenda!"

"Na mimi kibarua kingekwisha siku hiyo hiyo, mama. Nilikuwa sijanunua hata shuka la mtoto." Akamchukua mtoto, akamfunika kitovu vizuri, bila kukosea. Hakukuwa na kitu cha kumfundisha.

Ofisa akagonga kioo. Nikamuuliza nirudi lini.

"Mgeni wa matembezi ni mara moja kwa miezi sita."

Miezi sita. Kwa kazi yangu umri huo naujua. Ndipo mtoto anapoanza kulia akibebwa na mtu asiyemfahamu.