Mlinzi Mkuu wa Pua

Itangazwe katika vilima vyote vya Masisi kwamba Gaëlle, mwanafunzi wa shule ya bweni, ameteuliwa kuwa Mlinzi Mkuu wa Pua. Pua yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya haragwe, nayo ilikuwa ya mdogo wake aliyezaliwa asubuhi hiyo.

Mtoto alilala kifuani pa Mama Uwamariya, ngozi kwa ngozi, kitenge kikimfunika mgongo. Muuguzi Myriam alikuwa ameinua kichwa cha kitanda kabla ya kutoka.

"Mama amechoka sana," alimwambia Gaëlle. "Uso ya mutoto ikae pembeni, pua ikuwe wazi. Ukiona inafunikwa, ao Mama anaanza kusinzia, uniite mbio."

Gaëlle akakaa wima kama askari wa kambi ya Mubambiro. Lakini kitenge kilinukia moshi wa jikoni kwao, na bweni lote likamtoka kichwani. Alikumbuka asubuhi za baridi, maharage yakichemka, na shavu lake mwenyewe juu ya kifua hichohicho. Taratibu akalaza kichwa kwenye bega la mama.

"Mulinzi!" Myriam alikuwa mlangoni. "Ndiyo vile unachunga?"

"Naangalia pua kwa karibu, dada."

"Na macho umefunga?"

Gaëlle akaruka, akamwinamia mtoto. Pua ilikuwa wazi. Mama alikuwa macho, mkono wake ukimshika mtoto, akicheka kimyakimya.

"Nimekosa, dada," Gaëlle akasema. "Pale alipolala mtoto, palikuwa pangu. Nilipatamani kidogo tu."